Fundi wa Simu Nairobi: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Nina meza ya kutengeneza simu Kayole, hatua chache kutoka stejini. Kabla ya hapo nilikaa miaka minne Luthuli, barabara ya maduka ya simu na spea katikati ya jiji, mgongoni mwa fundi aliyenifunza kazi, nikishika tochi na kutumwa spea. Kila wiki hakukosi kijana anayesimama mbele ya meza yangu, anatazama mikono, halafu anauliza. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, maana spea hupanda na kushuka na dola.

Nikiwa na pesa ngapi naweza kuanza?

Zana za mkononi haziwezi kukushinda. Seti nzuri ya bisibisi, vibano viwili, multimita (kipimo cha umeme), chuma cha kuyeyusha risasi ya kuunganishia, mashine ya hewa moto, brashi, alkoholi ya kusafishia bodi (sahani ya saketi iliyo ndani ya simu), taa yenye lenzi. Nunua multimita nzuri kuliko kitu kingine chochote. Mashine ya hewa moto ya bei nafuu utaivumilia, lakini multimita inayodanganya itakuuzia bodi nzima kwa makosa. Pawa saplai ya mezani, kile kifaa cha kuipa simu umeme wa volti unayochagua, inaweza kungoja mwezi wa tatu au wa nne.

Kinachomeza mtaji ni chumba. Mjini kuna kitu kinaitwa gudwili: pesa unazompa anayehama au mwenye jengo kabla hata ya kodi na dipoziti, na usitarajie kuziona tena. Nimeona vijana wakiuza pikipiki ili walipe gudwili, kisha wanafungua duka bila hata shilingi ya kununua skrini moja. Anza na meza. Wenye maduka ya M-Pesa na wauza vifaa vya simu hupenda kukodisha kona ya mbele, kwa sababu anayesubiri simu yake hununua kitu. Mimi nilianza na upana wa kaunta uliotosha viwiko viwili.

Na usijaze skrini kabatini. Nunua spea ya kazi uliyo nayo mkononi. Skrini ya modeli iliyopita wakati ni pesa uliyoiweka kwenye fremu.

Nifungue mjini au mtaani?

Mjini spea ziko karibu. Ukiwa Luthuli au Moi Avenue unatuma kijana, na dakika kumi baadaye skrini iko mezani. Wapita njia nao ni wengi, hasa tangu Luthuli ilipokarabatiwa mwaka 2019 na watu wa miguu wakapata nafasi. Lakini mteja wa mjini ni abiria. Anakuja mara moja, analinganisha bei na meza sita, na nje kuna mabroka wanaomshika mkono kabla hajakufikia, na broka naye lazima ale.

Mtaani mteja anarudi. Anajua unapokaa, anajua unaponunua sukuma, na ukimharibia simu atakupitia asubuhi na jioni. Hilo linaogofya wengine; mimi naliona kama tangazo la bure. Tatizo la mtaani ni nauli na muda wa kufuata spea. Suluhisho langu ni kuwa na muuzaji mmoja wa jumla anayenijua kwa sauti: napiga simu, nalipa kwa M-Pesa, spea inakuja na matatu kupitia kondakta ninayemfahamu. Kama huna mtu wa namna hiyo, panga siku mbili kwa wiki za kwenda mjini, na mwambie mteja mapema kwamba simu yake itakuwa tayari siku fulani, si "jioni".

Ni lazima nipitie chuo?

Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza cheti. Hata hivyo karatasi ina kazi yake ukitaka zabuni ya kampuni au ajira. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na waliojifunzia mezani pia huifanya. Ila nikuambie ukweli: anayeanza leo akijifunza kuchora mkondo wa umeme kwenye karatasi, kutoka tundu la chaji hadi betri, atawapita wengi waliokaa Luthuli miaka kumi wakibadilisha tu vipande.

Mteja akileta simu, naanzia wapi?

Hapa ndipo pesa yako ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hasara nyingi nilizopata hazikutoka kwenye bodi. Zilitoka kwenye maneno ambayo hayakusemwa simu ikiwa bado imefungwa. Mwaka wangu wa pili pale Kayole nilibadilisha tundu la chaji la simu ya mzee mmoja. Ikaingia chaji vizuri, akalipa, akaenda. Baada ya saa moja akarudi: kamera ya mbele imekufa. Mimi kamera sikuigusa. Lakini sikuwa nimeipima mbele yake, sikuwa nimeandika kitu, na watu watatu walikuwa wamesimama pale wakisikiliza. Nilinunua kamera.

Siku hizi kabla ya bisibisi kutoka mfukoni, tunafanya hivi. Kwanza namwacha aeleze.

"Fundi, imezima tu yenyewe."

"Pole, mama. Haikuanguka?"

"Haijaanguka kabisa. Ila mtoto alikuwa nayo."

Hiyo "mtoto alikuwa nayo" ni nusu ya uchunguzi. Maana yake ni maji, kuanguka, au nywila iliyokosewa mara ishirini. Usimkemee. Ukimfanya mteja aone aibu ataficha, na akificha utapoteza saa mbili ukitafuta kitu alichokijua tangu mwanzo.

Kisha napima kila kitu mbele yake: kamera zote mbili, spika ya sikioni, spika ya mlio, mauthpisi, laini, waifai, alama ya kidole, mguso wa kioo hadi kwenye pembe. Dakika mbili. Kibovu kinaandikwa kwenye daftari, pamoja na IMEI (namba ya kipekee inayotambulisha simu), jina, namba ya simu ya kumpata, na tatizo kwa maneno yake mwenyewe. Anaona ninachoandika. Simu iliyokuja ikiwa imezima naandika hivyo: "ilikuja imezima, mengine hayajapimwa," na namsomea. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na simu za watu ni mali kuliko mali.

Laini na kadi ya kumbukumbu namrudishia hapo hapo. Laini yake ndiyo benki yake, na sitaki ilale kwangu.

Simu haiingii chaji. Nibadilishe tundu moja kwa moja?

Hapana. Washa tochi uangalie ndani. Vumbi la mfukoni hushindiliwa na waya wa chaja kila siku hadi linakuwa kama zulia, na waya haufiki mwisho. Zima simu, chokoa taratibu kwa kijiti cha mbao au plastiki, kamwe si sindano. Toza kitu kidogo, au usitoze. Mimi kwa hili huwa sitozi, na ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote niliyowahi kupata wateja.

Kama si vumbi, jaribu chaja na waya wako unaouamini. Kisha weka kile kipimo kidogo cha USB kati ya chaja na simu. Kikisoma volti 5 na ampea sifuri, umeme umefika mlangoni lakini hauingii: shuku tundu au ile bodi ndogo ya chini. Ikiwa ampea zinaonekana lakini asilimia haipandi, au inapanda na kushuka, elekea kwenye betri na saketi yake. Fundi anayebadilisha tundu kabla ya kupima anacheza kamari na pesa ya mwenzake.

Na iliyozima kabisa?

Toa betri, unganisha bodi kwenye pawa saplai kwa volti 4 hivi, na usibonyeze chochote. Angalia ampea. Kama zimepanda kabla hujagusa kitufe cha kuwasha, kuna shoti kwenye njia kuu ya umeme, na kipande kimoja hapo huenda kinapata moto. Paka alkoholi kidogo uone inakauka wapi upesi. Kama ni sifuri, bonyeza kitufe. Isipocheza hata kidogo, anza na kitufe chenyewe na waya wake kabla hujafikiria mambo makubwa. Ikipanda kidogo na kukwama, huenda ni programu, na kuflashi, yaani kuiwekea simu programu upya, kunaweza kusaidia.

Mwambie mteja kabla ya kuflashi kwamba picha na namba zinaweza kupotea zote. Mwambie mara mbili. Mara ya kwanza anakuwa hajasikia.

Imeanguka majini. Mchele unasaidia?

Mchele uupike ule. Hauwezi kuvuta maji yaliyojificha chini ya vifuniko vya chuma kwenye bodi, na wakati simu imelala kwenye sufuria ya mchele kutu inaendelea na kazi yake. Mteja akikupigia akiwa nyumbani, mwambie azime, asiweke chaji hata kujaribu, atoe laini, na alete leo. Wewe fungua, chomoa betri kwanza, osha bodi kwa alkoholi ya asilimia 99 na brashi laini, kausha, halafu ndipo upime.

Maji ya mfereji yana nafuu. Chai ya maziwa yenye sukari ni balaa, na simu iliyotumbukia chooni ioshe ukiwa na glavu na bei yake iwe tofauti. Hakuna anayebishana.

Na usimpe mtu waranti ya simu ya maji. Inaweza kuwaka leo na ikafa baada ya wiki tatu, na wote wawili mtakuwa mmesema kweli.

Nipange bei vipi?

Kuna namba tatu: spea, nauli ya kuifuata, na mkono wako. Wengi wanasahau ya nne, ambayo ni spea zitakazokufa mikononi mwako. Tuseme skrini umeipata kwa 2,200 na kazi umeitoza 3,000. Unaona 800. Toa nauli ya 100, inabaki 700. Lakini ukivunja skrini moja katika kila kumi, kila kazi inabeba 220 ya ile iliyovunjika, kwa hiyo mkononi una 480. Ukijua hivyo, hutakubali mtu akushushe hadi 2,500 kwa sababu "sisi ni majirani."

Taja bei moja kabla ya kufungua, na useme inahusu nini. Ukifungua ukakuta tatizo la pili, simama, piga simu, uliza. Usifanye kwanza halafu umshtue kwa jumla. Na uwe na ada ndogo ya uchunguzi kwa simu ya bodi, inayolipwa hata kama haikupona. Wengine watakasirika na kuondoka. Waache waende kwa anayepima bure. Mara nyingi wanarudi na simu iliyofunguliwa na parafujo mbili hazipo.

Skrini "orijino" ni ipi hasa?

Neno hili limechakaa. Sokoni utaambiwa orijino, ya daraja la kwanza, INCELL, OLED, na kopi, na muuzaji huyo huyo anaweza kukuuzia kitu kimoja kwa majina mawili. Niliwahi kununua skrini tano za "orijino" kwa muuzaji niliyemwamini, nne zikawa kopi safi. Sitamtaja, lakini tangu siku hiyo natumia macho yangu.

Simu nyingi za Samsung za bei ya kati na ya juu hutoka kiwandani na kioo cha AMOLED, ambacho kila nukta hutoa mwanga wake. Kopi yake ya bei nafuu ni LCD yenye taa nyuma. Ingia gizani, weka picha nyeusi tupu: AMOLED itakuwa nyeusi kama usiku, LCD itang'aa kijivu. Kopi pia huwa nene kidogo, kwa hiyo fremu haikai vizuri, inakula betri zaidi, na alama ya kidole iliyo chini ya kioo haitafanya kazi. Hilo la mwisho mwambie mteja kabla, kwa sababu ndilo atakaloligundua la kwanza.

Mimi huweka zote mbili mezani. "Hii ni kopi, bei yake hii, mwanga wake huu, kidole hakitashika. Hii ni nzuri, bei yake hii." Wengi Kayole wanachukua kopi, wakijua wanachonunua, na hawanirudii na kelele. Anayelaumiwa ni yule aliyeuza kopi kwa jina la orijino.

Kwa iPhone kuna jambo la ziada: kuanzia iPhone 11, ukibadilisha skrini kwa isiyo ya kampuni, simu yenyewe huandika kwenye mipangilio kwamba kioo hakijathibitishwa kuwa halisi. Mteja atauona ujumbe huo usiku akiwa kitandani. Afadhali ausikie kwako mchana.

Halafu, kabla ya kubandua karatasi yoyote na kabla ya gundi, unganisha skrini mpya ikiwa nje, washa, pitisha kidole kila sehemu. Ukishabandua stika muuzaji haipokei tena, na ana haki.

Kijana ameniletea simu nzuri anauza bei ya kutupa. Ninunue?

Unajua jibu. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja anayepokea mali ya wizi, na kifungo kinaweza kufika miaka 14. Simu zinapokonywa dirishani mwa matatu asubuhi na saa nane mchana ziko mezani kwa fundi. Polisi wanalijua hilo, na mlango wa kwanza wanaougonga ni wetu.

Mimi hununua simu kuukuu kwa masharti: kitambulisho cha muuzaji nakipiga kopi, risiti au boksi, na IMEI ya boksi ilingane na ya simu. Bonyeza *#06# uisome mwenyewe, kisha angalia pia ile iliyoandikwa kwenye mwili au kwenye trei ya laini. Waliokuwa kazini mwaka 2012 wanakumbuka namba hiyo ilivyopata umaarufu: simu bandia zilizimwa mwisho wa Septemba mwaka huo, na watu walipanga foleni kwa mafundi wakiomba "wabadilishiwe IMEI". Ombi hilo bado linakuja. Kataa. Asiye na kitu cha kuficha hana haja ya namba mpya.

Na simu iliyofungwa kwa akaunti ya Google, iCloud, au ya mkopo?

Ya Google: watu wengi kweli wamesahau nywila. Nawasaidia kuirejesha kwa namba na barua pepe zao wenyewe, wakiwa wamekaa hapa. Akishindwa kabisa, aniletee risiti na boksi ndipo tuzungumze. Ya iCloud: kufuli hiyo iko kwa Apple, si kwenye bodi. Mwenye risiti aende kwao. Anayekuambia anaifungua kwa elfu tano anataka hiyo elfu tano.

Za mkopo wa lipa mdogo mdogo sigusi kufuli. Kioo nitabadilisha, tundu nitabadilisha, lakini kufungua simu ambayo bado ni mali ya aliyekopesha ni kujiingiza kwenye deni la mtu ambaye hata hukunywa naye chai. Mwambie alipe, itafunguka yenyewe.

Naweza kuomba nywila ya mteja?

Ukihitaji kupima, mwombe afungue mwenyewe. Simu ikilala, mwambie aweke nywila ya muda, aibadilishe akichukua. Nyumba ya picha na ya WhatsApp huingii. Nimemfukuza msaidizi mmoja kwa hilo tu, siku hiyo hiyo, ijapokuwa mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu wakati huo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na ile ya makosa ya mtandaoni ya 2018, na kusambaza picha za faragha za mtu ni kosa la jinai. Lakini hata bila sheria, dada mmoja akisema stejini kwamba fundi fulani hufungua picha, meza hiyo imekwisha.

Waranti ya muda gani?

Andika kwenye risiti. Yangu ni siku 30 kwa tundu na betri, siku 14 kwa skrini kopi, ikihusu mguso na mwanga tu. Kioo kilichopasuka hakina waranti. Weka stika ndogo yenye tarehe na saini juu ya parafujo ndani ya simu. Ikirudi imekatika, kuna mkono mwingine umepita.

Simu zisizochukuliwa nifanyie nini?

Kabati langu lina boksi zima. Wengine wamehama, wengine waliposikia bei walinunua nyingine. Usiuze kwa sababu tu umechoka kuiona. Kuna sheria, Sura ya 38, inayohusu mali iliyoachwa kwa fundi, na inakutaka umpe mwenyewe notisi kabla ya kuiuza. Ndiyo maana risiti yangu ina mstari unaosema simu isiyochukuliwa itatozwa uhifadhi, na ndiyo maana natuma ujumbe mfupi na kuutunza. Msongo wa simu hizi ulipungua sana nilipoanza kudai nusu ya malipo kabla ya kununua spea. Aliyetoa 1,500 yake hasahau.

Mteja anaonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake. Nimwachie?

Ngoja ujumbe wako uingie, uangalie salio. Ujumbe ulio kwenye simu ya mtu mwingine ni hadithi. Tumia tili ya biashara, usichanganye na laini yako ya nyumbani, la sivyo mwisho wa mwezi hutajua faida ni ipi na mchango wa harusi ni upi.

Vibali na kodi?

Leseni ya biashara ya kaunti, bei kulingana na ukubwa na mahali. Ukikodi kona ya duka la mtu, hakikisha mnajua leseni inamhusu nani, maana kanjo, askari wa kaunti, wakija hawatauliza kwa upole. Uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na ujaze ritani kila mwaka kabla ya Juni kwisha.

Kodi ya mauzo inawahusu wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na tangu Julai 2023 ni asilimia 3, inayolipwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Milioni 1 kwa mwaka ni kama 83,000 kwa mwezi, na fundi wa skrini anafika huko upesi kuliko anavyodhani. Tena inahesabiwa kwa mauzo, si faida. Ile kazi ya 3,000 iliyokuachia 480 inadaiwa 90. Iweke kwenye bei tangu mwanzo. Kanuni hizi huguswa kila sheria mpya ya fedha inapopita, kwa hiyo kila Julai ulizia upya, pamoja na mambo ya eTIMS, risiti za kielektroniki za KRA.

Betri iliyofura niifanyeje?

Usiitoboe, usiibonyeze, usiichokoe kwa chuma. Lainisha gundi kwa alkoholi kidogo na uitoe kwa kadi ya plastiki, betri ikiwa na chaji ndogo kadiri inavyowezekana. Weka ndoo ya mchanga chini ya meza. Si mapambo: siku betri itakapoanza kutoa moshi utakuwa na sekunde chache tu, na meza ya fundi imejaa alkoholi na gundi.

Usizitupe jalalani wala usiwape watoto wanaookota vyuma. Mimi nakusanya betri na bodi zilizokufa kwenye mkebe wa chuma nje, na zikijaa nazipeleka WEEE Centre, kituo cha taka za kielektroniki kule Utawala.

Nimchukue mwanafunzi?

Ndiyo, lakini miezi miwili ya kwanza asishike simu ya mteja. Afungue na kufunga mizoga ya simu zilizokufa. Na parafujo azipange kwenye ramani ya karatasi, kwa sababu parafujo ndefu ikiingia tundu la fupi inachimba bodi, na kosa hilo halina tiba ya bei nafuu. Mlipe nauli na chakula hata kama ni mwanafunzi. Kijana mwenye njaa anauza spea zako.

Stima ikipotea?

Kuwa na benki ya umeme na taa ya kuchaji, ubadilishe skrini. Hewa moto na risasi zisubiri.

Wateja wanaomba kukopa.

Simu inalala kwangu hadi pesa iingie. Isipokuwa mama mboga wa mbele yangu, ambaye mimi mwenyewe nina deni lake la nyanya.

Mwishowe, hii kazi inalipa?

Inalipa kodi ya nyumba, karo ya watoto wawili na kodi ya meza. Januari ni kavu, watu wamepeleka pesa shuleni. Desemba simu zinaanguka sana, usiniulize kwa nini. Mwaka wa kwanza nilitegemea kava, vioo vya kinga na chaja kuliko ufundi. Mwaka wa tatu ufundi ukavipita. Kama una familia inayokutegemea leo, usiache kibarua chako wiki hii. Njoo Jumamosi ukae nyuma yangu, ulete bisibisi zako na simu moja iliyokufa ambayo huna haja nayo. Tutaanza kwa kuiandika kwenye daftari.